Barua ya Wazi: Kabla ya Kununua Vishikwambi Vingine, Tutengenezeeni Vilivyo Kabatini

Kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti ya Lamu, Idara ya Elimu ya Serikali ya Kaunti, kamati za CDF (mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge) za Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, na wanachama wa bodi za usimamizi wa shule.

MINTARAFU: UCHAGUZI NA UTUNZAJI WA VIFAA VYA KUFUNDISHIA

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi Kisiwani Pate, kazi ambayo nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwa ubao na chaki, baadaye kwa chati za manila nilizozichora mwenyewe usiku, na katika miaka ya karibuni kwa vishikwambi na projekta zilizoletwa na serikali. Ninawaandikia kwa sababu katika vikao vya wazazi na vya walimu maneno yamekuwa ni hayo kwa hayo: bajeti ijayo inunue vishikwambi vingine, na shule zenye uwezo zifungiwe ubao wa skrini kubwa unaoguswa kwa kidole. Hakuna aliyeuliza, walau mbele yangu, ni somo lipi linalohitaji chombo kipi, na nani atakitengeneza chombo hicho kikiharibika.

Nimewaandikia nyote kwa pamoja kwa makusudi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imewapa magatuzi, yaani kaunti, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na ikaiachia Serikali ya Kitaifa shule za msingi na za upili. Huo ni mgawanyo wa kisheria ambao sina ugomvi nao, lakini kila nilipobisha hodi kuuliza habari za vifaa vilivyoharibika nimeelekezwa ofisi ya jirani, na ofisi ya jirani ikanirudisha nilikotoka. Kwa wasomaji walio bara, kutoka ofisi moja hadi nyingine kwetu sisi ni safari ya boti, nauli, na siku nzima ya darasa bila mwalimu.

Niruhusuni nianze na kabati. Katika ofisi ya walimu tuna kabati la chuma ambalo ufunguo wake ninaushika mimi, na ndani yake mna vishikwambi arobaini tulivyopokea chini ya ule mpango wa kitaifa wa kidijitali ulioanza kutekelezwa 2016. Ulikuwa mpango mkubwa usio mfano: nchi nzima iligawa vifaa zaidi ya milioni moja, na kila shule ikapata vya wanafunzi, viwili vya walimu, projekta moja, na mtambo mdogo wa kuhifadhia masomo ili yasomwe hata pasipo intaneti. Siku ya kuvipokea tulisoma dua, na mzee mmoja wa kijiji akaomba ashikiwe kimoja akitazame. Leo, kati ya vile arobaini, vinavyowaka ni tisa. Vilivyobaki havikuvunjwa na watoto, kama wengi wanavyodhania. Watoto wamevitunza kuliko tulivyovitunza sisi. Vimeuawa na mambo mawili. Kwanza, betri zake za lithiamu zikiachwa miezi mingi bila chaji hushuka chini ya kiwango cha kuweza kurudi, na baadhi yake hufura mpaka kifuniko cha nyuma kikabenuka. Na sisi tulivifungia tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona mpaka zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, bila yeyote kutuambia kwamba chombo kisichotumika nacho kina haja ya kuchajiwa kila baada ya muda. Pili ni chumvi. Hewa ya bahari hula shaba, na ukimulika tochi katika tundu la chaja utaona ukungu wa kijani umeshikamana na vile vijino vidogo. Kuusafisha kunataka mswaki laini, spiriti na mtu wa dakika kumi. Mtu huyo hatujawahi kumwona.

Hakuna nahodha wa Lamu anayenunua jahazi bila kujua kwamba litapandishwa ufukoni, litazibwa nyufa kwa kalafati na kupakwa shahamu, na kwamba gharama hiyo itarudi kila mwaka maadamu jahazi lipo. Bajeti za vifaa vya shule, kwa zile nilizobahatika kuziona zikisomwa, zina mstari wa kununua na hazina mstari wa kalafati.

Sasa nije kwenye kulinganisha vyombo vyenyewe, maana hapa ndipo ninapohisi kwamba sisi walimu hatujaulizwa.

Muhula mmoja nilikuwa nikifundisha sura za mwezi. Projekta ilikuwa nzima wakati huo, nikaonyesha video nzuri sana iliyotengenezwa ng'ambo: dunia inazunguka, mwezi unaizunguka dunia na kukamilisha sura zake kwa siku ishirini na tisa na nusu, mwanga wa jua unaangukia upande mmoja, na hilali inazaliwa. Watoto walinyamaza kimya, jambo ambalo mwalimu yeyote wa sayansi anajua thamani yake. Video ilipofika kwenye hilali, msichana mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono, akasema, "Mwalimu, huo si mwezi. Mwezi wetu hulala." Nilitazama tena. Hilali ya kwenye skrini ilikuwa imesimama wima kama mundu uliotundikwa ukutani, kwa kuwa ilichorwa na mtu anayeutazama mwezi akiwa mbali kaskazini. Sisi tuko karibu digrii 2 tu kusini mwa ikweta. Kwetu jua hutua likishuka karibu wima, mwanga wake huupata mwezi kutoka chini, na hilali changa huelea magharibi kama mtumbwi, ncha zote mbili juu. Nikaifungua chati iliyochapishwa ambayo shule ilikuwa imenunua: nayo ilikuwa na mwezi uliosimama, umenakiliwa kutoka huko huko. Mwezi uliolala, katika darasa lile, ulipatikana kwa chaki.

Tukatoka nje saa kumi alasiri, jua likiwa limeinama, na mwezi ukiwa umeshaonekana mchana. Nikampa kila mtoto kidaka cha nazi akinyooshe kuelekea mwezi ulipo. Kidaka kikapigwa na jua upande ule ule uliokuwa ukiwaka mwezini, kwa umbo lile lile. Sikuhitaji kusema neno. Baadaye tulikwenda gatini na mti wa mkoko tuliouchora mistari ya rangi kila sentimita 10, tukausimamisha majini, na kwa majuma mawili wanafunzi wakaenda kwa zamu kusoma maji yalipofika yakijaa. Wakaandika tarakimu zao, wakazigeuza mchoro wa pau kwenye manila, na bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa sana, ikajionyesha pale kwenye karatasi ikifuata mwezi mchanga na mwezi mpevu, na katikati yake maji mafu. Hakuna mtoto wa mvuvi asiyeijua bamvua. Lililokuwa geni ni kuiona imeandikwa kwa mikono yao. Manila ile ilikaa ukutani hadi mwisho wa muhula, na nilikuwa nikiwakuta asubuhi wamesimama mbele yake wakibishana juu ya siku ambayo mmoja wao, kwa uvivu, alisoma vibaya.

Nawaomba mlizingatie hilo la kukaa ukutani. Video ikizimwa imekwisha. Chati iliyochorwa vyema humfundisha mtoto hata wakati mwalimu hayupo, hata wakati umeme haupo, na karatasi yake haifiki bei ya mkate mmoja.

Msinielewe, hata hivyo, kwamba mimi ni mzee wa chaki anayechukia skrini. Nimefundisha mzunguko wa damu miaka mingi kwa mchoro wa rangi nyekundu na buluu, mishale ikionyesha damu inakokwenda, na miaka yote hiyo nilisahihisha makosa yale yale: wanafunzi walidhani moyo ni tangi lenye mabomba manne. Mwaka nilioonyesha video ya moyo ukipiga, vali zikifunguka na kufungika kwa zamu, makosa hayo yalipungua kwa kiasi ambacho nilisahihisha madaftari mara mbili nikihofia kwamba wamenakiliana. Jambo lenye mwendo, jambo dogo lisiloonekana kwa jicho, jambo la polepole kama kunde inayoota kwa siku nane, au jambo lililo mbali nasi kama volkano na theluji, hayo chati haiyawezi na mdomo wa mwalimu hauyawezi. Na kishikwambi kina heshima yake pekee ambayo projekta haina: mtoto asiyeona vizuri hukuza maandishi mpaka ayasome, na mtoto mzito wa kusoma husikiliza kifungu kimoja mara saba bila ya mwenzake kumcheka. Katika darasa langu wapo wawili wa namna hiyo, na kati ya vile tisa vinavyowaka nimewawekea wao viwili.

Lakini hata video hupishana. Richard Mayer, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amefanya majaribio kwa miaka mingi juu ya namna watu wanavyojifunza kwa picha na maneno. Alionyesha kwamba picha na maelezo pamoja hufundisha zaidi kuliko maneno peke yake, lakini pia kwamba muziki wa nyuma, vikatuni vya mapambo, na maandishi yanayorudia neno kwa neno kile kinachosemwa humwibia mwanafunzi akili badala ya kumsaidia. Basi tazameni video nyingi tunazoletewa: ngoma inapigwa, nyota zinaruka, maandishi yanakimbia chini. Mimi hukata sauti, nikasimulia mwenyewe kwa Kiswahili chetu, na somo hutulia.

Kuna tafiti mbili zilizofanywa katika nchi yetu wenyewe ambazo ningependa zisomwe mezani kabla ya zabuni yoyote kutangazwa. Ya kwanza ni ya Busia na Teso, miaka ya tisini, na mmoja wa watafiti wake ni Michael Kremer ambaye 2019 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi. Walichukua shule 178, wakazipa nusu yake chati kubwa za kufunua, za sayansi, afya na hisabati, pamoja na ramani ya Afrika Mashariki. Kwa kulinganisha tu shule ambazo tayari zilikuwa na chati na zile zisizokuwa nazo, chati zilionekana kuinua alama kwa kiasi cha kutia moyo. Lakini zile shule zilizopewa kwa bahati nasibu zilipopimwa dhidi ya zisizopewa, tofauti haikuonekana. Shule zenye chati zilikuwa na mambo mengine pia yaliyozibeba, na chati ikapewa sifa isiyo yake. Ninaikumbuka hadithi hiyo kila ninaposikia kwamba shule fulani ya mjini ina skrini kubwa na ndiyo maana inaongoza.

Ya pili ni ya Kisumu, matokeo yake yalichapishwa 2016. Huko watafiti walilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia katika kuwafundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma: kundi moja wanafunzi walipewa visomeo vya kielektroniki mkononi, kundi la pili walimu walipewa vishikwambi, na kundi la tatu vishikwambi wakapewa wale maafisa wanaozunguka shuleni kuwatembelea walimu na kuwashauri. Makundi yote matatu yaliwapita watoto ambao hawakuwa katika mpango. Baina yao wenyewe hayakutofautiana kwa maana. Ila gharama zilitofautiana sana, kwa kuwa afisa mmoja huhudumia shule nyingi, na kifaa chake kimoja hufanya kazi ambayo kwingine imehitaji mamia. Kilichowainua watoto, kwa uoni wangu, ni mtu aliyekuja darasani, akakaa nyuma, akatazama, kisha akamwambia mwalimu: hapa umekwenda mbio, hapa rudia.

Kwetu visiwani afisa wa namna hiyo ni mwezi wa kuandama. Simlaumu, boti ya kukodi ni ghali, na kusi ikivuma hata mwenye nauli hukaa gatini akisubiri. Lakini kama kuna fedha za vishikwambi mia moja, kuna fedha za mafuta ya boti.

Nisiache jambo la darasa lenyewe, kwa kuwa zabuni huandikwa na watu wasiotia mguu ndani yake. Madarasa yetu yana madirisha mapana pande mbili, na ndivyo ilivyofaa kujengwa kwa joto letu. Saa nne asubuhi mwanga ukutani ni mkali kiasi kwamba picha ya projekta ndogo huwa kama doa la maziwa. Safu mbili za mbele huona, safu nne za nyuma huigiza kwamba zinaona. Ukifunga madirisha, watoto hamsini wanakosa hewa. Nimejaribu mapazia ya kitambaa cheusi, nikaishia kufundisha sayansi ndani ya tanuri. Kilichosaidia ni kuhamisha somo la video liwe la mapema, saa mbili kasorobo, na kutumia chumba kimoja cha kona chenye madirisha ya upande mmoja, ambacho kila darasa huingia kwa zamu. Projekta moja yenye mwanga wa kutosha katika chumba kimoja kilichotayarishwa inafaa kuliko tano hafifu zilizotawanywa. Na ikinunuliwa, inunuliwe ya taa ya LED au leza, ambayo hudumu kwa saa hata 20,000, kuliko zile za balbu ambazo hufa baada ya saa elfu chache, na balbu yake huagizwa Mombasa kwa bei ya kukufanya uitupe mashine nzima.

Chati nazo zina sheria zake, na wengi wetu walimu tunazivunja. Herufi isiyofika sentimita 2.5 haisomeki mwisho wa darasa. Nimepima kwa kusimama mwenyewe mlangoni. Chati yenye mambo kumi haina hata moja. Nimewahi kuingia darasa la chekechea ambalo kuta zake hazina hata shubiri iliyo tupu, rangi juu ya rangi, na nilipomuuliza mtoto anionyeshe picha ya samaki akanionyesha saa. Kuhusu chekechea, ambayo ni ya Kaunti kwa mujibu wa sheria, maoni yangu ni mafupi: mtoto wa miaka minne ahesabu kombe na kauri, afinyange udongo, aimbe, na skrini imngoje. Nawaomba msiipeleke huko hata kama mtapewa bure.

Maombi yangu basi ni haya. Kabla ya kununua chochote kipya, tumeni mtu apite shule kwa shule, kisiwa kwa kisiwa, afungue makabati na kuhesabu kilicho hai, kinachoponyeka na kilichokufa. Nina yakini mtapata shehena kubwa kuliko mtakayoinunua. Vyuo vya ufundi viko mikononi mwa Kaunti, na vijana wetu wanatengeneza simu vibarazani Langoni na Faza bila kufundishwa na mtu. Wachukueni wachache, muwafunze kazi ya betri, chaja na tundu lililoliwa na chumvi, kisha kila wadi iwe na fundi wake na ratiba inayojulikana. Katika kila shilingi ya kifaa itengwe sehemu ya matengenezo, iandikwe katika bajeti kwa jina lake ili isihamishwe. Mwalimu mmoja katika kila shule apunguziwe vipindi viwili kwa juma ili avichaji na kuvikagua vifaa, kwa sababu kazi hiyo sasa inafanywa na mwenye huruma, na mwenye huruma akihamishwa kabati hufungwa. Shule zipewe fedha kidogo za manila, kalamu nene, gundi na plastiki ya kufunikia chati zisiliwe na unyevu wa masika. Na walimu wa Lamu wakusanywe wakati wa likizo, wachore na kurekodi masomo yao wenyewe: bahari yetu, mikoko yetu, mfano wa mtepe, chombo cha kale kilichoshonwa kwa kamba, uliomo katika Makumbusho ya Lamu ambao wanafunzi wengi wa Pate hawajauona, na mwezi uliolala. Simu ya kawaida inatosha kurekodi.

Ubao wa skrini kubwa sikuuweka katika orodha. Ninajua kwamba umekwisha kuombwa na baadhi yenu, na kwamba hupendeza sana siku ya ufunguzi. Waya ukikatika, ni ukuta mweusi usioandikika hata kwa chaki. Mkitaka kuujaribu, wekeni mmoja, Amu mjini ambako umeme ni wa kutegemewa zaidi, muupime mwaka mzima dhidi ya chumba chenye projekta na chati zilizochorwa na walimu, mtahini watoto wa pande zote mbili, na mtuonyeshe matokeo hadharani, yawe mazuri au mabaya.

Nitashukuru nikijibiwa kwa maandishi kabla bajeti haijapelekwa kusomwa. Na kama kuna fundi aliye tayari kuja hata kabla ya hapo, aje siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana. Achukue boti ya asubuhi maji yakiwa yamejaa, asije akatembea matopeni na vyombo vyake mabegani. Ufunguo wa kabati ninao mimi, na mswaki na chupa ya spiriti nimekwisha kununua.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa sayansi,
Kisiwa cha Pate, Lamu